Kifurushi Kisicho na Kitu Ndani

Katika ghala la programu za mfumo endeshi wa Debian kuna kifurushi kimoja cha ajabu kidogo. Kinaitwa ttf-mscorefonts-installer. Jina lake linakuahidi fonti, yaani zile seti za herufi tunazozichagua kwenye menyu kabla ya kuandika: Arial, Times New Roman, Verdana, Georgia, hata Comic Sans, ambayo haikosi kwenye kadi za michango ya harusi. Lakini ukikipasua kabla ya kukisakinisha, hukuti fonti hata moja. Mna maelekezo tu. Ukikisakinisha, kinakuwekea mkataba wa leseni mbele ya macho na kungoja uukubali, kisha chenyewe kinaingia kwenye intaneti kuchukua mafaili ya zamani ya Microsoft, kinayafungua na kuzipanga fonti mahali pake. Mtandao ukikatika katikati, kifurushi unacho, fonti huna.

Nani atengeneze kitu kama hicho, na kwa nini? Ni hivi. Mwaka 1996 Microsoft ilianza kutoa fonti hizi bure ili kurasa za wavuti zionekane sawasawa kwenye kompyuta za kila aina. Mwaka 2002 ikaziondoa kwenye tovuti yake. Leseni iliyobaki inaruhusu kuzisambaza, ila zikiwa ndani ya mafaili yale yale ya mwanzo, bila kuguswa. Hakuna ruhusa ya kuzitoa humo na kuzifunga upya. Debian nayo ina ahadi iliyojiwekea mwaka 1997, kwamba kila kilichomo kwenye ghala lake kuu mtu aweze kukitumia, kukifungua, kukibadili na kumpa mwenzake. Masharti ya huku na ahadi ya huku haviwezi kukaa chumba kimoja. Basi mtu fulani akakaa, akazisoma karatasi zote mbili, akaona njia: tusiwape watu fonti, tuwape tarishi wa kwenda kuzichukua, na huyo tarishi tumweke kwenye chumba cha pembeni, nje ya ghala kuu.

Huyo mtu ndiye ninayetaka tumzungumzie leo. Tumwite mtunza kifurushi.

Debian ni mfumo endeshi, kama Windows ilivyo mfumo endeshi, ila haina kampuni inayoimiliki. Ilianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu huko Indiana, Marekani. Kama hujawahi kuisikia, huenda umeisikia Ubuntu, aliyoianzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004. Ubuntu imejengwa juu ya Debian. Na hata kama simu yako ndiyo kompyuta yako pekee, tovuti nyingi unazozifungua zinatoka kwenye seva zinazoendeshwa na mmojawapo wa mifumo hii miwili. Toleo la Debian lililotoka Juni 2023 lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Wanaovitunza, wale wenye hadhi kamili ya uanachama, ni kama watu elfu moja, na wanazungukwa na wasaidizi wengi. Karibu wote ni watu wa kujitolea. Mchana mtunzaji ana kazi yake nyingine, usiku anatunza programu ya kusoma mafaili ya muziki.

Anafanya nini hasa? Aliyeiandika programu anatoa toleo jipya. Mtunzaji analichukua, anasoma leseni, na hapa nasema anasoma kwelikweli, kwa sababu Debian inataka iandikwe faili lipi ni la nani na kwa masharti gani. Anaijenga programu kwenye mazingira masafi, yasiyo na chochote cha mashine yake, aone kama inajengeka kwa viungo vilivyoandikwa tu. Anairekebisha pale isipokubaliana na wenzake ghalani. Anaitia saini kwa ufunguo wake wa siri, anaipakia. Kama ni kifurushi kipya kabisa, kinasimama foleni mpaka watu wachache waliokabidhiwa lango wakikague. Kikipita kinaingia tawi linaloitwa sid, ambako mambo huvunjika na hakuna anayeshangaa. Kikikaa huko siku kadhaa bila kilio kikubwa kinahamia tawi la majaribio. Kila baada ya miaka kama miwili tawi hilo hufungwa, watu wanafukuza hitilafu zilizobaki, na ndipo linatoka toleo imara, lile linalowekwa kwenye seva za benki na vyuo.

Nimesikia watu wakisema kazi hii ni ya upakiaji tu. Kuna mtu kaandika, kuna mtu kapakia, na sifa aende nazo aliyeandika. Mimi sikubali. Kila hatua niliyoitaja ina uamuzi ndani yake, na uamuzi mmoja wa mstari mmoja unaweza kuwagusa mamilioni. Nitawapa mfano huo mbele. Kwanza turudi kwenye fonti, kwa sababu fonti ndiyo sehemu ambayo kila mtu anadhani haihitaji matunzo.

Maana fonti inatunzwaje? Imechorwa, imekwisha. Herufi a ya mwaka jana ndiyo a ya mwaka huu. Basi sikilizeni yaliyotokea mwaka 2019. Kuna programu inaitwa Pango, inayopanga maandishi kwenye skrini kwa niaba ya programu nyingi za Linux, familia ambamo Debian na Ubuntu zimo. Mwaka huo ilitoa toleo la 1.44 na kuacha kuzisoma fonti za aina mbili za kizamani: zile za Type 1, zilizotoka Adobe miaka ya themanini, na zile zilizochorwa nukta kwa nukta kama taraza, ambazo waandishi wa programu wanazipenda sana kwa sababu husomeka vizuri zikiwa ndogo. Watu wakasasisha kompyuta zao jioni, asubuhi fonti yao ya miaka kumi haimo kwenye menyu. Faili lipo kwenye diski, halijapungua hata baiti moja, lakini programu hailioni. Malalamiko yalikuwa mengi na makali. Wengine waliwalaumu watunza fonti, ambao hawakuwa wamegusa kitu. Na bado ni wao waliotakiwa kufanya jambo: kuzifunga upya fonti hizo kwa umbo jipya linalosomeka, au kuamua kwamba hii imefika mwisho wake, tuiondoe. Fonti imekaa palepale, dunia ndiyo imehama.

Tuje kwenye jambo ambalo wenye steshenari wanalijua hata kama hawajui chanzo chake. Kijana ameandika wasifu wake wa kuombea kazi nyumbani kwa rafiki, kwa Microsoft Word, ukurasa mmoja umejaa vizuri. Anakuja na flashi yake kuchapa. Kompyuta ya steshenari inatumia LibreOffice juu ya Ubuntu. Faili linafunguka, na jina la mdhamini wa mwisho na namba yake ya simu vimeangukia ukurasa wa pili, peke yao. Kijana analaumu kompyuta, mwenye steshenari analaumu faili. Kilichotokea ni kwamba wasifu uliandikwa kwa Calibri, Calibri ni mali ya Microsoft na haimo kwenye kompyuta hii, kwa hiyo programu imeweka fonti nyingine iliyo pana kidogo. Upana wa unywele kwa kila herufi, kidogo kidogo, mpaka mistari miwili imekosa nafasi.

Dawa yake ipo, na ni nzuri kuliko watu wengi wanavyojua. Kuna fonti iitwayo Carlito. Imetengenezwa juu ya Lato, fonti ya Mpolandi Łukasz Dziedzic, na herufi zake zikapimwa upya ili kila moja ichukue nafasi ileile inayochukuliwa na mwenzake wa Calibri. Umbo ni tofauti, upana ni uleule. Ukiiweka, mistari inakatika palepale, na mdhamini anarudi ukurasa wa kwanza. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi chake kinaitwa fonts-crosextra-carlito. Kwa Arial, Times New Roman na Courier New kazi hiyohiyo inafanywa na Liberation, zilizotolewa na kampuni ya Red Hat mwaka 2007. Nani alihakikisha kwamba faili likiitaka Calibri mashine inaleta Carlito bila kumuuliza mtumiaji? Hilo halitokei lenyewe. Lipo faili la mpangilio linalosema: ukikosa hii, chukua ile. Mtu aliliandika, na mtu analitunza. Tangu 2023 Microsoft imeanza kuiweka fonti nyingine, Aptos, mahali pa Calibri, kwa hiyo mzunguko huu wa kupima na kubadilisha umerudi mezani.

Sisi tunaoandika Kiswahili, kusema kweli, hatuna la kulalamika sana. Lugha yetu inakaa raha mustarehe ndani ya herufi za kawaida, na ng' yetu inahitaji alama ya ritifaa tu. Jirani zetu ndio wana kazi. Kikuyu kina ĩ na ũ zenye kiwimbi juu, na hizo zina bahati, kwa sababu kila moja imepewa namba yake kamili katika Unicode, ule mpango wa kimataifa wa kuzipa herufi zote namba. Lakini nenda Kinshasa. Kilingala kikiandikwa kwa tahajia kamili kinataka ɔ na ɛ, na mara nyingine zenye alama ya toni juu: ɔ́. Hiyo ya mwisho haina namba yake peke yake. Kompyuta inapokea vitu viwili, ɔ kwanza, alama ya toni baadaye, na ni kazi ya fonti kujua alama ikae wapi juu ya herufi hiyo. Ndani ya fonti iliyotengenezwa vizuri kuna vituo visivyoonekana: kimoja juu ya herufi, kingine chini ya alama, na viwili hivyo hukutanishwa. Mchoraji akisahau kuviweka, alama inaelea kando, au inaikata herufi inayofuata. Ukiona kitabu cha Kilingala kilichoandikwa bila toni wala ɔ, usidhani kila mara mwandishi hajali. Wengi wamezoea kuandika hivyo, na fonti zao hazikuwahi kuwapa sababu ya kujaribu.

Fonti huria zinazoweza kazi hiyo zipo ghalani. DejaVu ni mojawapo. Nyingine ni za shirika la SIL: Charis, Gentium, na ile waliyoipa jina la Kiswahili, Andika, iliyochorwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, herufi zake zikiwa zimetenganishwa vizuri ili mtoto asichanganye I kubwa na l ndogo. Na wale wanaohariri tenzi za zamani za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu wanahitaji fonti zenye herufi za ziada, kama چ na پ. Kwao ipo Amiri, ya Mmisri Khaled Hosny, iliyochorwa kwa kufuata herufi za kiwanda cha uchapaji cha Bulaq, Cairo. Zote hizi unazipata kwa amri moja. Kabla hazijafika hapo, mtu aliuliza swali ambalo kwa fonti ni gumu kuliko kwa programu: chanzo chake kiko wapi? Programu ina msimbo wake, unauona. Fonti unayopewa ni kitu kilichopikwa tayari, na michoro ya asili huenda imebaki kwenye kompyuta ya msanii, ndani ya programu ya kulipia. Debian inataka michoro. Mtunzaji anamwandikia msanii barua pepe, kwa adabu, anamwomba. Mara nyingine anajibiwa, mara nyingine hajibiwi.

Kisha kuna suala la jina. Fonti nyingi huria ziko chini ya leseni ya SIL, na leseni hiyo inamruhusu mchoraji kulihodhi jina: ukiibadili fonti yangu, iite jina lako. Naona ni haki, kwa sababu hakuna msanii anayetaka kulaumiwa kwa mkono wa mtu mwingine. Lakini mtunzaji anayeona koma imekosewa anajikuta njia panda. Airekebishe na kuibatiza upya, watumiaji wasiione tena kwenye menyu, au aiache na kosa lake? Debian imeshapita huko kwenye jambo kubwa zaidi: kati ya 2006 na 2016 kivinjari cha Firefox kilikuwa kikisambazwa ndani yake kwa jina la Iceweasel, kwa sababu Debian ilitaka kukirekebisha na Mozilla ilikuwa na masharti juu ya jina na nembo. Miaka kumi, na vijana waliokuwa wakitafuta Firefox waliambiwa hakuna.

Sasa ule mfano niliouahidi. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian alikuwa anashughulikia OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri za mawasiliano. Chombo kimoja cha kukagua kumbukumbu ya kompyuta, Valgrind, kilikuwa kinalalamika juu ya mistari fulani ya msimbo. Mtunzaji aliuliza hadharani kama ni sawa kuiondoa, na hakutokea wa kumzuia. Akaiondoa. Malalamiko yakaisha, kila kitu kikafanya kazi. Kumbe pamoja na uchafu alikuwa ameondoa chanzo cha bahati nasibu inayofanya ufunguo mmoja usifanane na mwingine. Kilichobaki kikibadilika ni namba ya mchakato tu, ambayo haikuzidi 32,768. Kwa karibu miaka miwili kila ufunguo uliotengenezwa kwa OpenSSL hiyo kwenye Debian na baadaye Ubuntu ulikuwa mmojawapo wa funguo hizo chache, na mtu angeweza kuzijaribu zote mchana mmoja. Aliyegundua ni Luciano Bello, naye mtunzaji wa Debian, na habari ilitangazwa tarehe 13 Mei 2008. Dunia nzima ikawa inatengeneza funguo upya.

Watu walimkejeli sana yule wa kwanza. Mimi huwa najiuliza wangapi kati yao waliwahi kusoma msimbo wowote kabla ya kuusakinisha.

Ruka miaka kumi na sita. Machi 2024, mhandisi Andres Freund alikuwa anapima kasi ya programu ya hifadhidata ya PostgreSQL kwenye mashine yenye Debian sid. Akaona kuingia kwenye mashine kwa ssh, programu ya kuingilia mashine kutoka mbali, kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Akakumbuka pia kwamba Valgrind, kile chombo kilekile, kilikuwa kimelalamika wiki chache nyuma. Safari hii hakunyamazisha malalamiko, aliyafuata. Yakampeleka kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili, ambako mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameficha mlango wa nyuma ndani ya mafaili ya majaribio. Mtu huyo alikuwa amesaidia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, taratibu, kwa upole, mpaka mtunzaji wake wa Finland, Lasse Collin, aliyekuwa ameshasema wazi kwamba kazi imemzidi na ni ya kujitolea, akamkabidhi sehemu ya mamlaka. Akaunti zisizojulikana zilikuwa zikimshinikiza akubali msaada. Na toleo lenye sumu lilipotoka, akaunti nyingine isiyojulikana iliiandikia Debian kuomba lipakiwe upesi.

Angalieni mambo mawili hapa. Ssh yenyewe haina haja na xz. Ni kiraka kidogo, kilichoongezwa na Debian na wenzake ili ssh izungumze na mfumo mkuu wa mashine, ndicho kilichoiingiza xz kwa mlango wa pembeni. Upande wa pili, sumu iliishia kwenye sid na tawi la majaribio. Toleo imara halikuguswa, kwa sababu ya ule ucheleweshaji ambao watu huucheka, wakisema Debian ina programu za zamani kama za makumbusho. Nami nilikuwa napenda utani huo, sasa naupenda kidogo tu.

Tafsiri nayo hutaka kutunzwa. Hapa kwetu mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, uliitafsiri programu ya OpenOffice kwa Kiswahili na kuitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya kujivunia, na wengi tuliiona kama mwisho wa safari. Lakini programu za aina hiyo hutoa toleo jipya kila baada ya miezi kadhaa, na kila toleo lina menyu mpya na maneno mapya. Wafadhili wanapenda uzinduzi, wanapenda utepe na picha ya pamoja. Sijawahi kualikwa kwenye sherehe ya kusasisha faili la tafsiri kwa mara ya kumi na tatu.

Mwenye Debian au Ubuntu anayetaka kujua kazi iliyopo asakinishe programu iitwayo how-can-i-help. Kila akimaliza kuongeza kifurushi, itamwonyesha vile vilivyomo kwenye mashine yake ambavyo mtunzaji ameviacha au anaomba msaidizi. Na kwa wasioandika programu, upande wa fonti uko wazi zaidi. Ukiona herufi ya lugha yako imekaa vibaya, piga picha ya skrini. Andika herufi ni ipi na namba yake ya Unicode, fonti ni ipi na toleo lake, unaona nini na ulitegemea kuona nini. Kama una kitabu kilichochapwa vizuri chenye herufi hiyo, ambatanisha ukurasa wake. Mchoraji aliyeko Buenos Aires au Warsaw hajawahi kusoma Kilingala wala Kikuyu, na bila picha hiyo hana namna ya kujua kwamba alama ya toni imeangukia herufi ya jirani.